Nélido Scarpatti na Dramu Zisizotakiwa

Mume wa mama yangu mdogo, Nélido Scarpatti, alikuwa fundi vigae mchana na mpiga dramu jioni, na katika mtaa wetu wa Villa del Parque hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kazi ya mchana. Nusu ya bafu za mtaa huu alizitandika yeye. Mwaga maji kwenye sakafu yake uone: yanajua njia, hayatuami. Lawama zote zilikuwa kwenye dramu. Na si dramu zenyewe, maana bendi za jazi zilikuwa nazo, vijana wa roki walikuwa nazo, wala hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Kosa lake ni kuzipeleka kwenye muziki wa tango.

Tango haina dramu. Hapa Buenos Aires mtu analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mapigo yake yanatoka kwenye besi, kwenye mkono wa kushoto wa mpiga piano, na kwenye bandoneoni, kile kinanda cha kupakatwa gotini, kinapovutwa kikajaa pumzi halafu kikakatwa ghafla. Baba yake Nélido, Don Amadeo, alikuwa mpiga fidla wa orkestra kubwa za enzi zile vilabu vya mitaa vilipofurika wachezaji kila Jumamosi. Alikuwa na suti nyeusi mbili na chupa ya mafuta ya nywele ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Mwanawe wa pekee alimkabidhi fidla angali mdogo, kama wengine wanavyowarithisha watoto duka.

Lakini kona ya mtaa wao palikuwa na fundi redio, Mwarmenia, aliyekuwa akipiga santuri za jazi tangu asubuhi mlango ukiwa wazi. Nélido akitumwa mkate alikuwa anachelewa. Siku moja Don Amadeo alimkuta mwanawe chumbani anaupiga mgongo wa ile fidla kwa vidole, macho ameyafumba, anacheka peke yake. Aliichukua fidla, akaifungia kabatini, hakumpa tena. Doña Ersilia, mama yake Nélido, aliomba sana. Mzee alijibu, "Fidla si meza ya kupondea nyama."

Basi akakua na ufundi vigae, na vijiti mfukoni.

Ubaldo Ferreccio alikuwa mtoto wa muuza kuku wa mtaa wa pili. Bandoneoni alianza kuipiga miguu haijafika chini akikaa kitini. Mweke mbele ya karatasi ya muziki, hana mpinzani. Iondoe karatasi, jasho linamtoka. Na Ubaldo huyo huyo ndiye aliyekuwa na kiu ya kupiga kama watu wa jazi, kuuacha wimbo katikati akazurura kwa akili yake mwenyewe, halafu akarudi. Kila alipojaribu alipotea, akasimama katikati kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda chumba gani.

Walikuwa wakifanya mazoezi juu ya paa la nyumba ya kina Nélido, mchana wa kiangazi, nguo za kufuliwa zikipepea katikati yao. Huko ndiko Nélido alikomwambia, "Ukipotea usinitazame usoni. Sikiliza mguu wangu wa kulia. Huo hauendi popote. Wewe zurura unavyotaka, ukirudi utaukuta palepale."

"Na nikirudi mahali ambapo si penyewe?"

"Basi hapo ndipo. Mimi nitawaambia wengine kwamba ndipo."

Hivyo ndivyo Quinteto Nazca ilivyozaliwa, mwaka sabini, ikaitwa jina la barabara iliyopita karibu. Kwenye piano alikaa Haydée Mirkin, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Wapiga fidla na wapiga besi walibadilika kama wapangaji. Hao watatu hawakubadilika.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi wa klabu ya mtaa, penye magoli ya mpira wa kikapu yaliyokunjwa ukutani. Watu walikuja na wake zao, wamechana nywele. Walipoona dramu zinapangwa jukwaani, minong'ono ikaanza. Nélido alipopiga toazi la kwanza, mtu mmoja akapaza sauti, "We kijana, rudisha hizo sufuria, mama yako anataka kupika!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwingine akarusha kipande cha mkate, kikalipata toazi, likalia. Nélido akalijibu toazi kwa toazi, akaufanya ule mlio kuwa wimbo, Haydée akaudaka kwenye piano, na kwa dakika chache walipaa. Mama mdogo Elvia, wakati huo mchumba tu, anasema hajawahi kusikia kitu kama kile tena maishani.

Don Amadeo alikuwa safu ya tatu. Aliinuka, akavaa kofia yake polepole, akatoka. Hakupita pembeni. Alipita katikati, kila mtu amwone.

Tangu siku hiyo hakusema na mwanawe. Nimekua nikiona hayo kila Jumapili, maana Nélido na Elvia hawakujaliwa watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa kule kula tambi za ravioli za Doña Ersilia. Wote mezani, mkono wa huyu unagusana na wa yule, lakini maneno lazima yapite kwa mama.

"Ersilia, mwambie mwanao anipitishie jibini."

"Mama, mwambie baba jibini liko mbele ya pua yake."

"Mwambie pua yangu inaona, mkono ndio haufiki."

"Mimi si posta!" Doña Ersilia alikuwa akipiga kelele, anainuka na mwiko. "Mna masikio nyote wawili, Mungu kawapa bure! Sichukui tena barua za mtu!" Kisha analichukua jibini, analipeleka.

Mimi mtoto nilicheka. Baba mdogo naye alicheka. Lakini nilimwona mara moja jikoni, anamsaidia mama yake kufuta sahani, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ameulizia onyesho la juzi?" Mama yake akasema, "Ameuliza kama mvua ilikunyeshea njiani." Sijui kama ilikuwa kweli. Nadhani hata baba mdogo hakujua.

Kundi lilipata watu wake polepole: wanafunzi, madaktari, wahamiaji waliochoka kusikia nyimbo zilezile. Watu wa tango waliwaita wahuni, watu wa jazi wakawaona washamba. Miaka ya utawala wa wanajeshi, stoo moja ya chini ya ardhi kule Almagro walikokuwa wakipiga ilifungwa, wakafanya mazoezi sebuleni kwa Haydée, dramu zimefunikwa mablanketi. Siku hizo mtu hakutaka jirani ajue nyumbani kwake wamekusanyika watu.

Wanajeshi walipoondoka, mwimbaji mmoja mkubwa wa nyimbo za mashamba alimtaka Nélido aende naye kuzunguka nchi na nje ya nchi, kazi ya kudumu, hoteli na chakula. Elvia alishaanza kuchagua sanduku. Nélido akakataa.

"Kwa ajili ya nani?" Elvia alimuuliza.

"Kwa ajili ya kundi."

"Kundi ndilo linalokufulia mashati ya saruji?"

"Nikiondoka Ubaldo hataweza kupiga, Elvia. Unajua hivyo."

"Najua. Je, Ubaldo anajua?"

Nélido akarudi kwenye ndoo yake ya saruji. Akabaki, akaendelea kutandika vigae, magoti yakaanza kuota sugu, na kila Alhamisi mchana Ubaldo alifika na bandoneoni yake, wakapanda juu ya paa. Huko ndiko walikotunga kibao chao kilichojulikana kuliko vyote, "Reli", kwa sababu treni ya San Martín inapita nyuma ya nyumba na walikuwa wakilazimika kuisubiri ipite. Katikati ya "Reli" palikuwa na uwazi mkubwa, usioandikwa hata noti moja. Kila onyesho uwazi ule ulijazwa upya. Kuna siku ulikuwa mfupi kama kikohozi, kuna siku watu walisahau kuvuta sigara zao mpaka zikawaunguza.

Doña Ersilia alipofariki, posta ilifungwa kweli. Wiki ya kwanza baba na mwana walikaa nyumba moja kimya kabisa. Kisha mzee akasema, huku akiutazama ukuta, "Dawa zangu ziko wapi?" Nélido akampa. Huo ndio ulikuwa upatanisho wao, kama utaupa jina hilo. Walisema ya dawa, ya supu, ya baridi. Ya muziki hapana.

Miaka ya tisini inakaribia kwisha, tango ikageuka biashara. Wajapani, Wajerumani, Wafaransa, wote wakaja kujifunza kucheza, wakanunua viatu, wakataka kupigwa picha. Na mtu akagundua kwamba kuna kundi la zamani, wazee sasa, lililoshikilia tango miaka mingi bila kuvunjika. Aligundua kwa faida yake. Aliitwa Orlando Prandi, mwandaaji wa maonyesho, mtu wa kitambaa cha hariri shingoni hata mwezi wa Januari. Aliwakumbatia wote. Nélido akakumbatiwa mara mbili.

"Maestro," alimwambia, "wewe ni historia. Lakini piga taratibu kidogo, wacheza dansi wanachanganyikiwa."

Nélido akaacha vijiti, akapiga kwa brashi za nyaya. Baadaye Prandi akasema dramu zizungushiwe kioo, mlio usiwamwagikie wengine. Akakaa ndani ya kioo kama samaki. Halafu akaombwa apumzike nyimbo mbili, kisha nne, akae nyuma ya pazia na glasi ya maji. Elvia alimwambia, "Wanakumenya kama kitunguu." Alijibu kwamba ni mambo ya ukumbi tu, mwangwi, mambo ya kitaalamu. Mtu mzima akidanganywa husaidia kujidanganya.

Jumamosi moja asubuhi Ubaldo alikuja bila bandoneoni. Mimi nilikuwa jikoni namsaidia mama mdogo kumenya viazi, mlango uko wazi, kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia. Alikuwa na boksi la mikate mitamu kutoka kwa mwokaji, limefungwa kwa uzi. Aliliweka mezani, akakaa, hakulifungua. Nélido akamtilia yerba, majani yetu ya kunywa kama chai, kwenye kibuyu chenye bomba la kufyonzea, akampa.

"Mzee hajambo?" Ubaldo akauliza.

"Hajambo. Amelala. Elvia hajambo. Mimi sijambo. Magoti hayajambo. Umemaliza kuulizia familia, sasa sema."

"Mikate ile ya krimu uliyokuwa unaipenda..."

"Ubaldo."

Ubaldo akafyonza. Bomba la yerba likalia kwenye kibuyu kikavu.

"Tunapewa usiku mzima kwenye ukumbi wa Teatro Colmena. Serikali ya jiji inatutunuku. Watapiga picha za televisheni, halafu Ulaya, miezi mitatu. Prandi ameshapanga."

"Vizuri."

"Wanataka tango halisi."

"Sisi ni nini?"

"Nélido, unanielewa."

"Sikuelewi. Mimi ni fundi vigae, nielezee taratibu."

Ubaldo akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Wanataka bila dramu."

Mama mdogo aliacha kisu. Mimi nikamshika mkono asitoke.

"Wanataka wao," Nélido akasema, "au unataka wewe?"

"Mimi nina miaka sitini na kitu, ndugu yangu. Bandoneoni ina uzito. Nimepiga kwenye vyumba vya chini vyenye panya. Sijawahi kupiga Colmena. Baba yako alipiga Colmena. Mimi sijawahi."

"Sikukuuliza hilo."

"Basi mimi pia nataka. Haya. Nimesema."

"Na ukipotea katikati ya 'Reli'?"

"Sitapotea." Ubaldo hakuinua macho. "Haydée ameniandikia. Uwazi wote umeandikwa sasa. Noti kwa noti."

Hapo ndipo nilipomsikia baba mdogo akivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyejikwaa kidole. Lile la dramu alilipokea kama mwanamume. Hili la pili ndilo lililomwingia. Alifungua uzi wa boksi taratibu, akausokota kwenye kidole, akachagua mkate wa krimu, akauweka mbele ya Ubaldo.

"Kula," akamwambia. "Umeleta mwenyewe."

Na Ubaldo, sijui kwa woga au kwa aibu, akala. Alikula huku machozi yanamtoka, na Nélido anamtazama mpaka tonge la mwisho. Kisha akamsindikiza mlangoni, wakapeana mikono.

Elvia alitoka jikoni kama moto. "Ungemtia hilo boksi kichwani!"

"Lina krimu," Nélido akasema. "Ingechafua sakafu."

Jioni Haydée akapiga simu. Baba mdogo aliisikiliza amesimama.

"Nilipinga," Haydée akasema. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Ulisemaje?"

"Nilisema si haki."

"Halafu?"

Haydée akajibu haraka. "Halafu tukaanza mazoezi."

"Noti zako ni nzuri?"

"Nélido, tafadhali."

"Nauliza kwa nia njema. Lazima ziwe nzuri. Hatakuwa na kitu kingine cha kushika."

Tungeyamaliza hapo, kila mtu na uchungu wake, kama si Don Amadeo. Alikuwa anakaribia miaka tisini, anatembea kwa kiti cha magurudumu, lakini masikio yalikuwa mazima na redio haikuzimwa. Akasikia tangazo. Quinteto Nazca, Teatro Colmena, tango safi bila kuchanganywa. Wakati wa supu akasema, "Nipelekeni."

"Wapi, Don Amadeo?" Elvia akamuuliza, ingawa alijua.

"Colmena. Sijaingia tangu tulipopiga mwaka arobaini na saba. Na lile ni kundi la mwanangu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kusema kundi la mwanangu. Alisubiri mwanawe atolewe ndipo akasema.

Elvia alikataa katakata, akasema bora auze nyumba. Nélido alimaliza supu yake, akafuta mdomo. "Nitampeleka. Hajawahi kutusikia mpaka mwisho."

Tulikwenda wanne. Mimi nilisukuma kiti, Elvia alikaa mbali kidogo akitazama dari. Don Amadeo alivaa suti iliyobaki kati ya zile mbili, akajipaka mafuta ya nywele kwenye nywele ambazo hazikuwepo tena. Baba mdogo alivaa lile koti analovaa kwenye harusi za watu. Walioturuhusu kuingia hawakumjua. Mmoja alimuuliza kama yeye ndiye muuguzi wa mzee.

Walipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Ukumbi ulikuwa na viti vya mahameli nyekundu na harufu ya manukato, na muziki ulisikika safi. Wachezaji wawili walizunguka jukwaani, yule mwanamke amevaa gauni lililopasuliwa mpaka pajani. Mahali pa dramu waliweka chungu kikubwa cha maua meupe. Don Amadeo alikuwa anatikisa kichwa, anapiga ulimi, anasema, "Ndiyo. Ndiyo. Sasa hii ni tango."

Wakafika kwenye "Reli". Ulipokuja ule uwazi, Ubaldo akaanza kupiga yaliyoandikwa, na nadhani ni mazoea ya miaka mingi yaliyomponza, maana vidole vilikwenda mahali karatasi haikwenda. Akaongeza kitu kidogo, kitu cha zamani. Halafu akajikuta nje. Niliona shingo yake ikigeuka kushoto, kwenye maua.

Nilimtazama baba mdogo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza. Kisigino kilikuwa kimeinuka. Kingegonga mara tatu tu kwenye zile mbao, na sisi tulikuwa safu ya karibu, Ubaldo angesikia. Baba mdogo aliuchukua ule mguu, akauweka nyuma ya ule wa kushoto, akaubana.

Ubaldo alirudi mwanzo wa kipande, akakirudia chote kama kilivyoandikwa, Haydée akamfuata uso umemwiva. Watu walidhani ndivyo ilivyotakiwa. Wakapiga makofi kabla hata hawajamaliza.

Mwisho Ubaldo akapewa kikombe cha fedha na mtu wa serikali, akashika kipaza sauti, akashukuru. Alimshukuru Prandi. Akamshukuru mkewe. Kisha akatazama upande wetu, akasema, "Na yupo hapa leo rafiki yetu Nélido Scarpatti, ambaye alitusaidia sana mwanzoni."

Alitusaidia. Mwanzoni.

Taa ikamtafuta, ikampata. Don Amadeo akamgusa mwanawe kwa kiwiko. "Simama. Wamekutaja."

Akasimama. Akainama kidogo, kama fundi anayeshukuru kwa kahawa, akakaa. Elvia alikuwa analia, lakini si kilio cha kuhurumiwa, ni kile cha mtu anayetafuta kitu cha kuvunja.

Kwenye teksi mzee hakunyamaza. "Wamepiga vizuri. Safi. Kila chombo kinasikika."

"Don Amadeo, nyamaza tafadhali," Elvia akasema.

"Nimesema nini kibaya?"

"Hajasema kibaya," Nélido akajibu, akitazama dirishani. "Kila chombo kilisikika."

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata, ameridhika na dunia. Nélido ndiye aliyemwosha na kumvalisha.

Kundi lilikwenda Ulaya, likarudi, likaenda tena. Yeye alijaribu kupiga kwingine. Vijana wa jazi wa mtaa wa Palermo walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akamwambia, "Don Nélido, unavuta nyuma, unalialia. Sisi tunataka kitu kinachotembea." Alicheka alipotusimulia. Akasema, "Kwa hawa mimi ni mtu wa jazi, kwa wale mimi ni mtu wa tango. Nimekuwa mpaka wa shamba: kila mtu ananikanyaga." Dramu akazipandisha kwenye kibanda cha juu ya paa. Unyevu ukazila ngozi, ngozi moja ikapasuka yenyewe mchana mmoja tukila, tukadhani ni dirisha. Hakupanda kuangalia.

Ubaldo aliendelea kuishi mitaa miwili kutoka kwetu. Mama mdogo akimwona alivuka barabara. Nélido hakuvuka. Walikuwa wakisimama mbele ya duka la mboga wakaongea.

"Mnaongea nini na yule?" Elvia alimuuliza siku moja.

"Magoti."

"Hajaomba msamaha?"

"Aombe kwa ajili ya nini? Alisema anataka. Mtu akisema anataka, utamwambiaje?"

Ubaldo hakuwahi kuomba. Ini lilimuua taratibu, na Nélido alikwenda hospitali mara moja tu, akakaa, akarudi, hakusema walichozungumza. Kwenye maziko, makaburi ya Chacarita, alisimama nyuma ya wote. Haydée alimfuata wakati watu wanatawanyika, amekuwa kibibi, anatembelea fimbo.

"Tulikufanyia vibaya, Nélido," akamwambia.

"Ndiyo," akasema.

Haydée alisubiri. Nadhani alitegemea neno jingine baada ya hilo, neno lolote la kumpunguzia. Halikuja. Nélido akampigapiga begani mara moja, akageuka kwenda kituo cha basi.

Naona ningemaliza hapo, lakini dunia haikumaliza. Baada ya miaka michache upepo uligeuka. Huko nje walichoka na tango safi, sasa wakataka tango iliyochanganywa, na Prandi, aliyezeeka lakini hakupungua, akatangaza kwamba Quinteto Nazca inarudi kwenye asili yake ya uthubutu, pamoja na dramu. Haydée, akiwa ndiye pekee aliyebaki wa zamani, akapiga simu kumwalika.

"Mgeni wa heshima," akasema. "Utakaa mbele."

"Nani anapiga?"

"Kijana aliyesomea muziki Boston, Marekani. Hodari sana."

"Ule uwazi mmemwachia?"

Haydée akakohoa. "Tumemwandikia. Nimekumbuka baadhi ya yale uliyokuwa ukipiga, nikayaandika."

Baba mdogo alikata simu bila ukali, akarudi jikoni. Elvia akauliza ni nani.

"Haydée. Wananialika nikajisikilize mimi mwenyewe."

Elvia alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kitu kingine, akatoka nje kwenye ua. Nélido akapunguza moto chini ya sufuria.

Hakwenda. Nilikwenda mimi, peke yangu, nikijua nitajuta. Kijana alipiga bila kosa hata moja. Palikuwa na mlio mmoja wa toazi, halafu majibu yake, nikajua vinatoka kwa nani, na karibu nami mama mmoja akamnong'oneza mumewe kwamba vijana wa siku hizi wana ubunifu.

Jumapili nilipofika kwao, alikuwa anamenya vitunguu saumu. Aliniuliza jambo moja tu, kama watu walipiga makofi. Nikasema walipiga sana.

"Vizuri," akasema, akaomba nimpitishie chumvi.

Kundi bado lipo. Mabango yao yanabandikwa kwenye ukuta wa stesheni ya treni, karibu na nyumba. Mama mdogo hupita bila kugeuza shingo. Baba mdogo husimama, akavaa miwani, akalisoma bango lote, tarehe, ukumbi, majina yote matano, mpaka jina la mchapaji lililo chini kabisa kwa herufi ndogo, halafu anakunja miwani na kuendelea na safari yake ya mkate.